Betri Iliyovimba Tumbo

Huko katika mji wa Holguín, pikipiki ya umeme hulala sebuleni pamoja na wenyewe. Ukiiacha nje, wezi hawana huruma. Ya kwa Idalmis ilisimama mlangoni, na mlango wa nyumba ulikuwa huo huo mmoja. Nyuma ya pikipiki, kwenye kiti cha kubembea, alishinda mama mkwe wake, Eloína, ambaye miguu ilikuwa imemkatalia.

Siku hiyo umeme ulikatika tangu asubuhi, na joto lilikuwa halisemeki. Yosbel, mumewe Idalmis, aliketi sakafuni na betri kuukuu ya pikipiki, imevimba tumbo.

"Nitatoa vijibetri vya ndani, niendeshee feni ya mama," alisema.

"Na huo uvimbe?"

"Hewa tu, mke wangu. Nikitoboa, itanywea."

Idalmis alisikia harufu tamu, ngeni. Akatazama bisibisi, akamtazama mama mkwe, akatazama pikipiki iliyoziba njia. Hofu ilimshika. Alimkimbilia Zoraida, jirani yao, fundi wa betri.

"Weka bisibisi chini, shemeji," Zoraida alisema kutoka mlangoni. "Ukitoboa, itawaka. Na mama utampitisha wapi, dirishani?"

Yosbel aliiweka bisibisi chini. Walitoa pikipiki kwanza, kisha wakambeba mama na kiti chake hadi barazani.

"Hata harusini sikubebwa hivi," alisema Eloína.

Zoraida alivaa glavu nene, akaigusa betri. Ilikuwa bado haijapata moto. Akaichukua kwa koleo, akaizika katika ndoo ya bati yenye mchanga mkavu, katikati ya ua, mbali na kuta.

"Sasa mkae mbali. Moshi wake ni sumu."

Kabla hawajamaliza kunywa kahawa barazani, ndoo ilifoka. Moshi mweupe ukapanda, moto ukaruka, kisha ukafa mchangani. Yosbel alimshika mama yake mkono, asiuachie. Idalmis alilia, na yalikuwa machozi ya nafuu.

"Betri iliyovimba, inayovuja au yenye joto haifunguliwi nyumbani," Zoraida aliwaeleza. "Wala haitupwi na taka, itachoma lori. Iwekwe nje kwenye mchanga, muwaite wanaokusanya betri. Kiwandani hutoa shaba, kobalti na lithiamu, vikatengenezewa betri mpya."

"Basi feni ndiyo imekufa," alisema Yosbel.

"Nani kasema? Betri ikichoka, si vijibetri vyote vilivyochoka. Karakanani ninavyo vizima. Nitavipima kimoja kimoja, nivifunge na kifaa cha kuzuia chaji isizidi. Kazi hiyo ni ya fundi, si ya bisibisi ya jikoni."

Wiki iliyofuata sanduku dogo la vijibetri hivyo lilifika. Pikipiki sasa hulala ukutani upande wa pili wa sebule, mbali na mlango, na huchajiwa uani mchana, watu wakiwa macho. Umeme ulipokatika tena, feni iliendelea kuzunguka. Yosbel alisimama kando yake, kifua mbele.

"Mwanangu," alisema Eloína, akijifunika shali, "punguza. Unataka niugue mafua?"