Maji ya Alhamisi

"Same hii haipotei sindano nisijue uzi wake uliko!" Inspekta Eliufoo alitamba, chupa ya Tangawizi ya Irine mkononi. Koplo wake, naye akiwa na chupa yake, akaitikia kwa kucheua.

Ilikuwa Alhamisi, saa sita mchana. Irine, mwimbaji ambaye magazeti yalimwita malkia wa dansi, alikuwa akizindua kiwanda chake kidogo mjini Same. Inspekta hajameza vizuri, malkia akatoka ofisini mbio, wigi upande.

"Afande, kanda imeibwa!"

Si kanda ya kuuzwa sokoni. Ilikuwa kanda mama, isiyo na nakala, yenye wimbo wa kutangaza kinywaji hicho. Redio Dar es Salaam ilikuwa ikiisubiri.

Kabati ilimotunzwa halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa mmoja, kwa Redempta, mtunza ghala. Kufikia saa tisa Redempta alikuwa mahabusu, mtoto wake wa miezi minne akimlilia kwa jirani.

"Ufunguo ulitoka mikononi mwako?"

"Ulikuwa msumarini, nyuma ya mlango. Saa nne asubuhi nilikuwa nje naosha tangawizi."

"Nani anaujua msumari huo?"

"Mimi, dada Irine na kaka Asheri, mpiga gitaa."

"Asheri mbona sikumwona kwenye sherehe?"

"Hakuja, afande."

"Nisipompata mwizi, kesho mchana unapanda kizimbani."

Ijumaa alfajiri Land Rover ya polisi ilikwea kwenda Chome kwa Asheri, ikisimama mara mbili kupozwa kama bibi mwenye pumu. Koplo alirukaruka nyuma na jalada lake. Inspekta mwenyewe alikuwa mzaliwa wa huko. Akamchukua Mama Ernesta awe shahidi wa upekuzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea, mwanangu."

"Kazi, mama, kazi."

Mama huyo alikuwa katibu wa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Daftari halikumtoka kwapani.

Walimkuta Asheri uani.

"Jana saa nne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa, afande. Namwagilia maharage. Alhamisi ni zamu yangu ya maji."

"Maji ya ndiva?"

"Kwani Chome tuna bwawa jingine?"

Mama Ernesta akakohoa. Inspekta akatabasamu.

"Asheri, Jumatano jioni lilipigwa baragumu. Jana ilikuwa msaragambo. Ndiva ilikaushwa, kijiji kizima kikaingia kutoa tope. Ulimwagilia kwa mate?"

"Labda... labda nimechanganya siku."

"Hujachanganya. Hukuwapo! Mimi nilikuwa ndani ya ndiva, tope hadi magotini. Wewe sikukuona."

Asheri akakaa juu ya kinu kilicholala.

"Wimbo ni wangu," alisema. "Niliutunga nikipiga kwenye baa za mjini Kifaru, Irine hajajulikana hata kwao. Gazeti linaandika katunga yeye. Kwenye chupa sura yake, kwenye kanda jina lake. Mimi naambiwa nije nipige gitaa wageni wakila pilau! Nilitaka siku moja tu asiwe na cha kuimba."

"Na Redempta?"

"Sikujua mtamkamata yeye." "Ana mtoto mchanga yule."

Aliingia ndani, akazamisha mkono kwenye chungu cha maharage makavu, akatoka na kanda. Inspekta akakimbilia redio ya gari: Redempta aachiwe sasa hivi, akanyonyeshe.

Koplo akaandika maelezo ya onyo. Asheri akatia sahihi. Mama Ernesta akaomba asomewe, akasikiliza, akairudisha kalamu.

"Mimi uongo siutii sahihi."

"Uongo gani, mama?"

"Hapo panaposema afande alikuwa kwenye ndiva." Akafungua daftari. "Eliufoo: mtoro. Ulituma salamu una malaria."

"Mama, hiyo si sehemu ya kesi."

"Ni sehemu ya ndiva. Tope halijaisha. Jumatatu uje na koleo lako."

Hata Asheri, pingu mkononi, aliangua kicheko. Koplo alikuwa ameinamia jalada, mabega yanamtikisika. Mama akalowesha kidole, akateremka mstari mmoja.

"Na wewe unayechekea ndani ya karatasi, Sadock wa Asnath. Uko hapa chini yake."

Kalamu yangu, mimi koplo, ikasimama.