Wa Mwisho Kwenye Foleni

Mwalimu alikuwa na maringo yake ya kisafiri: hoteli za ufukweni aliziona za wavivu. Alipanga chumba kwa mjane mmoja, mitaa ya nyuma kabisa ambako wageni hawafiki, ili aishi kama wenyeji. Binti yake wa miaka saba alimwacha nyumbani na bibi, na kila jioni alimpigia simu kumsimulia aliyoyaona.

Asubuhi ya tatu mjane alimtuma akanunue mkate. Foleni ilianzia kwenye kidirisha cha mwokaji ikaambaa na ukuta. Kila aliyefika aliuliza wa mwisho nani, lakini hakuna aliyejibu kabla ya kugeuka na kumtazama usoni. Mwalimu akacheka kimoyomoyo, watu gani hawa wa kukaguana hivi.

Kisha sauti ikauliza nyuma yake, taratibu, "Wa mwisho nani?"

"Mimi," akajibu bila kugeuka, akifurahi kudhaniwa mwenyeji. "Simama nyuma yangu."

Foleni nzima ikageuka kumtazama. Harufu ya nywele zilizoungua ikampanda puani. Akageuka, hakuona mtu.

Alirudi na mkate huku nyayo za mtu peku zikimfuata, akisimama zinasimama, akiingia chooni zinangoja mlangoni, na hata alipoketi mezani mchana kweupe alihisi pumzi ya baridi kisogoni, ya mtu asiye na haraka, anayejua zamu yake itafika tu, na hapo akaogopa kwelikweli, si kwa ajili yake bali kwa ajili ya mtoto, maana kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kurudi nyumbani.

Mjane alipoambiwa alishusha sauti. "Mwanangu, umempa nafasi asiye mtu. Usiende naye kwa mtoto."

Akampeleka kwa mwokaji, mwanamke mzee ambaye mtaa mzima ulimwendea kwa mambo ya aina hiyo. Mwokaji hakushangaa. Alimwambia apange foleni upya, akifika dirishani asogee kando, amruhusu aliye nyuma yake atangulie.

Mwalimu akapanga. Alipofika akasogea.

"Pita wewe," akanong'ona.

Kitu cha baridi kikampita begani. Mwokaji akanyoosha mkate nje ya dirisha, akauachia, na mkate haukuanguka. Ulitoweka. Harufu nayo ikakatika, na mwalimu akalia kwa furaha mbele ya watu wote.

Kesho yake alisinzia kwenye basi kutwa nzima, kisogo chake kikiwa na joto. Ilipobaki saa moja kufika, akampigia binti yake.

"Mama, mgeni wako ameshafika," mtoto akasema kwa sauti ya chini. "Ameleta mkate, ila ananuka moto. Nimemuuliza wewe uko wapi. Anasema uko nyuma yake."