Ba Ennie Alirudi Shule

Asubuhi katika ufuko wa Nchelenge huanza na samaki. Mitumbwi inarudi kutoka ziwani Mweru. Akina mama wanapasua samaki, wanawatia chumvi na kuwaanika. Watoto wanafukuza ndege, kisha wananawa miguu na kwenda shule.

Mwaka 1956, Kalaba hakuwa pamoja na watoto hao. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, binti wa mvuvi Sampa na mke wake Beauty. Kutwa nzima alikaa nyuma ya nyumba na kuligeuzia ziwa mgongo. Hakusema neno. Chakula alikigusa tu. Akilala, alilowesha mkeka kama mtoto mdogo.

Mambo hayo yalianza baada ya ajali. Sampa alikuwa akirudi na wasichana wawili kutoka kisiwa cha Chisenga. Mmoja alikuwa Kalaba. Wa pili alikuwa Mwewa, mtoto wa marehemu dada yake Beauty. Mwewa alilelewa katika nyumba ile ile, na kwa Kalaba alikuwa dada. Upepo mkali ulivuma ghafla na mtumbwi ukapinduka. Sampa alimshika Kalaba. Mwewa alizama.

Wazazi walijaribu kumsaidia Kalaba kila walivyojua. Sampa aliamini kwamba hofu ya maji huondolewa na maji. Alimbeba ili amweke mtumbwini, na mtoto akamuuma mkono mpaka damu ikatoka. Majirani wengine walisema achapwe. Wengine walisema roho ya Mwewa inamwita. Mwishowe Beauty alimpeleka kwenye dispensari ya misheni.

Muuguzi pale alikuwa Ennie. Watu walimwita Ba Ennie kwa heshima, maana alikuwa amefanya kazi miaka mingi na kuzalisha karibu nusu ya watoto wa ufuko ule. Alimpima Kalaba homa. Alitazama koo, masikio na kifua. Kisha akamgeukia mama.

"Mwili wake ni muzima, Mama Kalaba," alisema. "Kuko kitu kinamuumiza, lakini mi sikijui. Shuleni hawakunifundisha kutibu huzuni ya mutoto."

Beauty hakukasirika. "Asante kwa kuniambia kweli," alijibu. "Bengine bote banasema banajua."

Maneno hayo yalimkaa Ennie moyoni. Muda mfupi baadaye daktari wa misheni alimpa habari. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Congo, kulikuwa na hospitali ambako mtawa mmoja, Sista Godelieve, alikuwa anaanza masomo mapya. Hayakuwa masomo ya wanaoanza. Yalikuwa ya watu wenye vyeti ambao tayari wako kazini: wauguzi, wakunga na walimu. Wangejifunza juu ya afya ya akili na moyo ya watoto na vijana. Wangekaa darasani wiki moja, warudi kazini kutumia walichojifunza, kisha waende tena, mpaka mwaka uishe. Masomo yangekuwa kwa Kiswahili, kwa sababu wanafunzi walitoka pande zote mbili za ziwa. Na kila mmoja alitakiwa kuja na habari za mtoto mmoja ambaye alishindwa kumsaidia.

Mume wa Ennie alikuwa Goodson, seremala. Ndugu zake walicheka. Waliuliza kwa nini mwanamke mzima mwenye cheti arudi kukaa kwenye benchi la shule. Goodson aliendelea kupiga randa ubao wake.

"Mutu anayefanya kazi ndiye anajua kitu gani kinamupungukia," aliwaambia. "Mumuache aende. Unga uko, bukari nitasonga mwenyewe."

Basi Ennie alivuka. Darasani alikaa na mwalimu kutoka Mununga na mkunga kutoka Puta, wote wa upande wake wa ziwa, na wengine wengi wa Congo. Zamu yake ilipofika alieleza habari za Kalaba bila kutaja jina lake. Alitumaini kupewa jina la dawa. Badala yake Sista Godelieve alimuuliza swali.

"Yule mutoto aliyekufa, nyumbani banamutaja?"

Ennie hakujua. Sista alimwambia akirudi aulize, kisha asikilize, na asimlazimishe mtoto kusema.

Aliporudi, Ennie alimuuliza Beauty. Jibu lilikuwa hapana. Siku ya maziko Kalaba aliachwa kwa jirani. Nguo za Mwewa ziliondolewa nyumbani. Tangu hapo hakuna aliyetaja jina lake mbele ya Kalaba. Walitaka kumpunguzia maumivu.

Katika wiki zilizofuata za masomo, Ennie alielewa mengi. Alijifunza kwamba mtoto mwenye huzuni anaweza kulowesha mkeka, naye si mkorofi. Kijana mwenye huzuni anaweza kuonyesha hasira tu. Fimbo huongeza jeraha. Alijifunza pia kwamba mara nyingi mtoto hudhani ubaya umetokea kwa sababu yake. Wakubwa wakinyamaza, anaona kimya chao ni hukumu.

Kila aliporudi Nchelenge, Ennie alikaa na Kalaba nyuma ya dispensari baada ya kazi. Alileta udongo wa kufinyanga. Hakuuliza maswali. Kalaba alifinyanga vyungu vidogo, halafu ng'ombe. Siku moja alifinyanga mtumbwi. Ndani yake aliweka watu watatu. Wawili walikuwa wamekaa na mmoja alikuwa amesimama. Alimgusa yule aliyesimama.

"Nilisimama," alisema.

Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza. Ennie aliweka chini udongo wake, akasikiliza. Polepole maneno yakatoka. Kalaba alikuwa amesimama mtumbwini ili atazame viboko majini. Kisha mtumbwi ukapinduka. Yeye ndiye aliyemuua Mwewa, alisema. Baba na mama walijua, ndiyo sababu hawakutaka tena kumtaja.

Ennie alimwomba ruhusa awaite wazazi wake. Kalaba aliitikia kwa kichwa. Sampa alipoyasikia maneno hayo aliketi chini mbele yake.

"Mutoto wangu," alisema, "nilikuona ulisimama. Nilikuambia ukae, ukakaa. Tulipiga kasia mpaka mbele sana, ndipo upepo ukakuja. Ulikuwa umekaa. Ni upepo, Kalaba. Siyo wewe."

Kalaba alimtazama baba yake. Kisha akamgeukia mama.

"Juu ya nini hamumutaji Mwewa?"

"Tuliogopa utalia," Beauty alisema.

"Mi nataka kulia."

Wakalia wote watatu pale chini. Ennie aliwaacha, akaingia ndani kupanga chupa zake, naye machozi yalikuwa yakimtoka.

Kalaba hakupona kwa siku moja. Wazazi walimpeleka kwenye kaburi la Mwewa, akakaa huko mpaka alipotaka mwenyewe kuondoka. Ennie alizungumza na mwalimu wa shule, naye akampa Kalaba nafasi karibu na mlango, ili atoke kidogo akisikia moyo unaenda mbio. Sampa hakumvuta tena majini. Beauty hakumgombeza tena kwa ajili ya mkeka, na baada ya muda mkeka ulikuwa mkavu. Chakula kilianza kuisha kwenye sahani.

Masomo yalipofika mwisho, Ennie alifaulu. Siku hizo dispensari ilikuwa imeshatenga alasiri moja kwa ajili ya watoto wenye huzuni, na akina mama walikuwa wakija hata kutoka mbali. Siku ya kumpokea, Sampa, Beauty na Goodson walisimama ufukoni. Sampa alimshukuru Goodson kwa bukari zote alizokula peke yake. Goodson alicheka, akasema zile mbichi ndizo alizokula kwa shida.

Mashua ilipokaribia, Kalaba alitoka kati ya wazazi wake. Aliteremka mchangani polepole. Maji yakamfika vidoleni, halafu kwenye vifundo vya miguu. Mama yake alishika mdomo, lakini hakumwita. Kalaba alinyoosha mikono, akaupokea mfuko wa Ennie.

"Karibu, Ba Ennie," alisema. "Asante kwa kwenda kusoma."

Ennie alishuka mashuani. Alimshika mkono. Wakapanda ufuko pamoja kuelekea nyumbani, Kalaba akisimulia mambo ya shule njia nzima, na Ba Ennie akimsikiliza.