Zamu za Kujiandikia

"Nani anabaki mpaka kufunga?" aliuliza msimamizi, kalamu sikioni, daftari la zamu mkononi.

Duka zima la viatu likanyamaza. Mmoja akakumbuka ghafla kwamba kuna maboksi ya kupanga stoo. Mwingine akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mkono ulioinuka ulikuwa wa Mama Saizi.

"Wewe tena?"

"Mimi tena."

"Leo siku ya sita mfululizo, dada. Hiyo miguu unaiazima wapi?"

Wenzake wakacheka, naye akacheka nao, ingawa visigino vilikuwa vinamwaka moto na magoti yamekakamaa kwa kuyapiga chini mbele ya wateja tangu asubuhi. Jina la Mama Saizi walimpa hapo hapo dukani, kwa sababu mteja akiingia mlangoni tu, yeye keshaijua namba ya mguu wake bila kipimo. Kibarua chake kilikuwa cha nusu siku, masaa manne tu kwa mkataba. Lakini duka lilikuwa na daftari linaloning'inia kwa kamba kando ya kaunta, na anayetaka masaa ya ziada huandika jina lake mwenyewe. Halazimishwi mtu. Kwa miezi miwili hapakuwa na ukurasa usio na jina la Mama Saizi.

Alijibanza stoo, nyuma ya buti za mvua, akamwandikia mumewe:

"Mume wangu, bosi kanibakiza tena mpaka kufunga. Chakula kiko kwenye sufuria ya bluu."

Jibu likaja upesi, kama la mtu aliyeshinda na simu mkononi:

"Pole mama. Huyo bosi hana hata chembe ya huruma. Usisahau kesho saa tatu asubuhi plasta inatolewa. Uliniahidi."

"Nakumbuka. Nitakuwepo, haki ya nani."

Akarudi kaunta. Kesho yake hakuwa amepangwa zamu kabisa, siku nzima ilikuwa yake. Mwenzake mmoja alikuwa anatafuta mtu wa kumshikia zamu ya asubuhi. Mama Saizi alisimama mbele ya daftari kwa muda, msimamizi akamwambia akapumzike, lakini akaichukua kalamu na kuandika jina lake.

Usimtukane bado, msomaji. Msikilize kwanza.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Amepaka nyumba za watu nusu ya mji, na kama ilivyo kwa mafundi, nyumba yake ndiyo iliyosubiri mwisho. Jumapili moja akaamua leo ni leo, dari ya jikoni lazima iishe. Sakafu ilikuwa ya vigae, inateleza, kwa hiyo akamwomba mkewe amshikie ngazi. Akamshikia. Waliimba, wakataniana, rangi ikamdondokea mke puani, wakacheka. Ndipo simu ikaita mfukoni mwa mke. Ilikuwa ya dukani, wanauliza kama anaweza kuja kubaki mpaka jioni. Aliachia mkono mmoja kuitoa simu. Kisha akaachia wa pili ili aipokee.

Fundi alianguka, mguu ukavunjika mahali pawili. Majirani walipojaa jikoni, wifi yake mbele yao akipiga kelele, fundi aliyekuwa chini sakafuni akasema kwa meno yaliyobana, "Ngazi imeteleza. Hivi vigae." Hakuna aliyeuliza zaidi. Mama Saizi alikuwa amesimama pale pale na simu mkononi, na hakusema neno. Hakusema siku ile, wala hospitali, wala wiki iliyofuata, na kila siku iliyopita iliongeza uzito.

Wengine wakikosa huomba msamaha. Yeye aliomba masaa ya ziada.

Kwa sababu nyumbani palikuwa na yale magongo mawili yaliyoegemezwa ukutani, na dari iliyopakwa nusu, na mwanaume anayemwambia pole kwa uchovu. Alimwekea chakula akitazama meza, akamfunga kiatu akitazama kamba, akalala akitazama ukuta. Dukani angalau miguu ilikuwa ya watu asiowadai na wasiomdai, na magoti yakimuuma aliona ni haki yaume.

Wifi yake alikuwa na maelezo mengine. Jioni hiyo hiyo alimpigia simu, hata salamu hakutoa.

"Wifi, mimi sijui kuzunguka. Kibarua cha nusu siku, unarudi duka likifungwa. Nani huyo?"

"Wifi, hakuna mtu."

"Kaka yangu ameshinda peke yake na mguu wa plasta, na wewe hakuna mtu. Haya. Mungu anakuona."

Akakata. Mama Saizi alibaki ameishika simu sikioni. Kuna dakika alitamani iwe kweli ni mwanaume, maana hilo lingekuwa na jina na angejua pa kuanzia kuliungama.

Asubuhi ya plasta alimwambia mumewe atangulie hospitali, yeye atapitia dukani kutoa taarifa kisha amfuate. Saa tatu na nusu ujumbe uliingia:

"Nimefika. Uko wapi?"

"Mwenzangu anaumwa, bosi kanilazimisha. Nisamehe sana."

"Sawa."

Sawa tu. Nyie mlio kwenye ndoa mnaijua sawa ya namna hiyo, isiyo na mama wala pole nyuma yake. Tangu saa hiyo Mama Saizi alikosea namba za wateja watatu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Saa sita mchana alikuwa amepiga magoti mbele ya mama mmoja mnene, anamjaribisha viatu vya harusi ya mwanawe, mlango ukafunguliwa. Kwa mazoea alitazama miguu kwanza. Arobaini na tatu. Mguu wa kushoto ulikuwa na kiatu cheusi cha ngozi. Wa kulia ulikuwa na ndala, umekonda, ngozi imepauka kwa kukosa jua. Kando yake kulikuwa na gongo moja. Aliitambua ile miguu kabla hajathubutu kuinua macho aone uso.

Fundi alimpita kama hakumwona. Alikwenda moja kwa moja kaunta, akavua kofia.

"Habari za kazi, dada. Mimi ni mume wa huyo pale."

"Karibu shemeji. Tumekusikia sana. Mguu vipi?"

"Unaendelea. Dada, nimekuja kuomba. Mliandikishana naye masaa manne. Miezi miwili sasa anarudi hata kuongea hawezi kwa uchovu. Kama kuna kosa alilofanya hapa mnamwadhibu, naomba mmsamehe. Leo nimetolewa plasta peke yangu kwa sababu mmemlazimisha."

Msimamizi aliitoa kalamu sikioni taratibu.

"Nimemlazimisha? Mimi?"

Hakuwa mtu mbaya msimamizi, na wala hakusema kwa ubaya. Alilivuta daftari kwa kamba yake, akalifungua juu ya kaunta.

"Shemeji, huu mwandiko ni wa nani?"

Fundi alitazama. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Jana nilimwambia akapumzike," msimamizi aliendelea, sauti imeshuka. "Leo hata hayumo kwenye ratiba. Kaomba mwenyewe zamu ya mwenzake."

Fundi akalifunga daftari, akashukuru, akajikongoja hadi kwenye benchi la wateja na kuketi. Mama mnene, ambaye alikuwa amesahau kabisa habari za harusi, alishikwa mkono na msimamizi akapelekwa upande wa mikoba. Mama Saizi alibaki amepiga magoti chini, na sasa mbele yake kulikuwa na mumewe.

"Dada yangu aliniambia kuna mtu," fundi alianza. "Nikamfukuza nyumbani kwangu. Dada yangu wa kuzaliwa, nikamwambia asirudi mpaka akuombe radhi. Sasa niambie mwenyewe."

"Hakuna mtu."

"Basi ni mimi. Umechoka kuishi na mtu wa kubebewa maji ya kuoga."

"Sio hivyo."

"Ni vipi? Kila siku nakupa pole, mama. Kila siku namlaani mwanamke wa watu ambaye hata hajakukosea. Ni vipi?"

Alitaka kusema nitakueleza nyumbani. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni. Lakini alijua kwamba jioni kungekuwa na daftari, na kesho yake pia, na mkono wake ungeinuka wenyewe. Akautazama ule mguu uliokonda.

"Ngazi haikuteleza," alisema. "Niliiachia. Simu ya hapa dukani iliita, nikaiachia nipokee. Wewe ukiwa juu. Kwa mikono yote miwili."

Fundi akaliegemeza gongo kwenye benchi.

"Nikiona hayo magongo nashindwa kupumua. Ukiniambia pole natamani ardhi inimeze. Ndiyo maana najiandika. Hakuna bosi aliyenibakiza hata siku moja. Nimekuvunja mguu, halafu nikakuachia uuguze peke yako."

Machozi yakamwagika juu ya kile kiatu cha ngozi. Akayafuta kwa kiganja upesi upesi, kama mtu anayefuta bidhaa ya duka.

"Najua," fundi alisema.

"Unajua nini?"

"Nilikuwa juu ya ngazi, mama. Nilikuona. Mkono wa kwanza, halafu wa pili. Nilijua hata kabla sijafika chini."

Mama Saizi aliinua uso. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili alimtazama mumewe machoni, na akaona kwamba amezeeka kidogo.

"Mbona ulisema imeteleza?"

"Jikoni pamejaa watu, dada yangu anatafuta wa kumlaumu. Ulitaka niseme nini? Nikasema tukibaki wawili utaniambia mwenyewe. Nikangoja wiki ya kwanza. Nikangoja ya pili. Ndipo ukaanza kubakizwa."

"Nisamehe."

"Ningekusamehe siku ile ile, tena tungecheka. Ila sikuwa na wa kumsamehe. Hukuwepo." Akausugua ule mguu uliokonda kwa kiganja. "Mguu uliniuma wiki tatu. Wewe umeniuma miezi miwili. Hasira ninayo, sikufichi. Na itanichukua muda."

"Ichukue. Nitakuwepo."

"Usiniapie. Jana pia uliapa."

Lilimchoma. Fundi aliingiza mkono kwenye mfuko wa plastiki aliokuja nao, akatoa kiatu cheusi cha ngozi, cha kulia, kimepigwa rangi kinang'aa.

"Nilikipiga rangi tangu juzi. Nilitaka plasta ikitoka univalishe wewe, pale pale hospitali. Nesi alitaka kunivalisha, nikakataa. Nimetembea na ndala mpaka hapa."

Mama Saizi alikipokea kwa mikono miwili. Amevalisha mamia ya watu viatu kwenye benchi lile, mumewe hajawahi kuwa mmoja wao. Alikilegeza, akauingiza ule mguu polepole, akauliza unauma, akajibiwa kidogo. Akabonyeza kwa kidole gumba mbele ya vidole, alivyozoea.

"Kinapwaya."

"Mama Saizi umekosea namba?"

"Mguu umekonda. Utajaa."

Alipoinuka alikwenda kaunta, akaufungua ukurasa wa wiki hiyo na kulikata jina lake kila lilipokuwepo, mstari mmoja mmoja. Msimamizi alimwazima kalamu bila kuuliza. Kisha wakatoka, yeye akiwa upande wa gongo.

Jioni hiyo alimpigia wifi yake, akamweleza yote bila kupunguza, simu ya dukani na mikono yote miwili. Wifi alimsikiliza mpaka mwisho. Baadaye akauliza kama dari bado imebaki nusu, na kama wana brashi ya ziada.

Jumapili rangi ya kopo ilikuwa imekauka, ikabidi wanunue nyingine. Daktari alikuwa amemkataza fundi kupanda hata kiti, kwa hiyo aliyepanda ngazi alikuwa Mama Saizi, kichwani kafunga kanga kuukuu, mkononi rola. Wifi alikuwa amejifungia chumbani anapaka fremu ya dirisha na kujisifu peke yake. Fundi aliketi kwenye kigoda chini ya ngazi, akaishika huku akitoa maelekezo mengi kuliko yaliyohitajika.

Alipokuwa kwenye ngazi ya juu kabisa, simu yake iliita. Alikuwa amempa mumewe aishike, iko kwenye mfuko wa shati lake. Wote wawili waliujua mlio ule, alikuwa ameuweka maalumu kwa simu za dukani.

"Ni dukani," fundi alisema.

"Nimesikia."

Simu iliendelea kuita. Mama Saizi alitazama chini. Aliona upara wa mumewe ulioanza kujitokeza, tone la rangi juu ya sikio lake, kile kiatu cha kulia bado kinapwaya kidogo, na vidole vyake kumi vimeshika miguu ya ngazi. Aliviona vyote, hata kidole gumba chenye kovu. Kumbe mtu akiwa pale juu hakuna kitu cha chini kinachompita.

"Hupokei?" aliuliza.

"Nipokee na mkono gani?" fundi alijibu. "Paka dari, mama."

Simu iliita mpaka ikakata. Mama Saizi akajifuta macho kwa bega, akachovya rola kwenye rangi, akaendelea kupaka.