Swali la Mhoja

Ukuta mmoja wa ukumbi wa mapokezi, katika Hospitali ya Moyo ya Nyanza Mpya, ulikuwa kioo kitupu, na ndani ya kioo hicho moyo wa mtu ulikuwa ukipiga, mkubwa kama nyumba. Mashine yenye miguu sita ilikuwa ikitambaa ndani yake. Kwa umbo lake halisi ilikuwa ndogo kuliko punje ya mchele, na watu waliiita chawa-fundi. Iliingizwa kwenye mshipa wa paja, ikapanda na damu mpaka moyoni, ikatafuta mahali ambapo umeme wa moyo ulikuwa umeharibika, ikapaunguza kidogo kidogo mpaka mapigo yakatulia. Mgonjwa hakupasuliwa. Jioni alirudi kwake kwa miguu yake.

Mhoja, mpima ardhi mstaafu, aliutazama ukuta ule akiwa amemshika mkewe mkono.

"Sasa huyo mdudu akipotea njia?" aliuliza.

"Atakutana na ubishi wako, atageuza mwenyewe," alijibu Nyamizi.

Mhoja akacheka. Moyo wake ulikuwa ukipiga ovyo kwa muda mrefu. Moyo wa namna hiyo huacha damu ituame, na damu iliyotuama huganda. Bonge likichomoka huweza kupanda mpaka kwenye ubongo. Ndiyo maana kila asubuhi alimeza kidonge cha kuzuia damu kuganda. Daktari wake wa zamani alikuwa amemwonya asiruke hata siku moja. Lakini daktari yule alikuwa ameshafariki, na zahanati yake ilifungwa hospitali mpya ilipofunguliwa.

Siku ya matibabu ilipangwa. Maelekezo yakaja kwenye simu: mgonjwa aache mapema dawa zinazoathiri damu, isipokuwa kama daktari wake amemwelekeza vingine.

Mhoja aliyasoma, kisha akamsomea mkewe kwa sauti.

"Mama Kabula, hapa nifuate lipi? Daktari wangu alisema nisiache. Hawa wanasema niache, ila kama daktari wangu amesema nisiache."

"Wapigie uwaulize."

Aliyepokea alikuwa Msikilizi, akili bandia iliyoongea na wagonjwa wote wa hospitali ile. Sauti yake ilikuwa ya mama mtu mzima, yenye upole.

"Shikamoo, baba. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Samahani kwa usumbufu. Nataka kujua kama kidonge changu cha damu niendelee nacho au niache."

"Swali zuri, baba. Ushauri wa dawa hutolewa na daktari. Nimelifikisha kwake. Utajibiwa."

Hakujibiwa. Kesho yake alipiga tena, akaelekezwa kitengo cha dawa. Huko alimpata kijana mfamasia, binadamu kabisa, aliyeongea kwa kunong'ona.

"Mzee wangu, faili lako silioni. Mfumo hauniruhusu kulifungua mpaka daktari aliidhinishe. Na nikikwambia neno bila faili, kazi sina."

"Nimekuelewa, mwanangu. Ubaki salama."

Nyamizi hakuelewa. Alimchukua mumewe wakaenda hospitali wenyewe. Ukumbini hapakuwa na mtu wa kuuliza. Palikuwa na nguzo zinazoongea, na kila nguzo ilikuwa ni Msikilizi yuleyule, akiwashukuru kwa subira yao.

Siku zikawa zimebaki chache. Nyamizi alikuwa akichambua mchicha jikoni Mhoja alipoingia na kuvuta kigoda.

"Naacha," alisema.

"Nani kakwambia uache?"

"Hakuna. Lakini nikilala pale damu ikagoma kukatika, watasema maelekezo tulimpa. Hawa ndio watakaonishika, Mama Kabula. Ngoja niwafuate wao."

Nyamizi alitaka kumkatalia. Ila naye hakujua, akaendelea na mchicha wake.

Asubuhi ya siku ya matibabu, Mhoja alikuwa akifunga vifungo vya shati. Mkono wa kulia ukalegea. Akamgeukia mkewe amwambie jambo, na mdomo ukaenda upande. Nyamizi alimdaka kabla hajafika sakafuni.

Kitandaruka cha hospitali kilitua uani muda si mrefu, kikambeba hewani juu ya mapaa ya jiji. Mashine zilimpokea bila kuchelewa na bila kukosea. Zilijua bonge lilipo na ukubwa wake. Ila lilikuwa limeshakata damu sehemu kubwa ya ubongo. Mhoja alifariki kabla ya usiku kuingia.

Daktari Ruhinda, mwanamke mrefu mwenye macho ya kukosa usingizi, ndiye aliyetoka kumweleza Nyamizi. Alipomaliza aliuliza, "Mama, nani alimwambia aache dawa?"

"Hakuna aliyemwambia, daktari. Kila tuliyemuuliza alikataa kusema."

Siku ya tatu ya msiba, watu wakiwa wamepungua chini ya turubai, daktari huyo alikuja peke yake. Alivua viatu, akaketi kwenye mkeka karibu na mjane.

"Nimelitafuta swali lake," alisema. "Lilikuwepo. Maswali ni mengi, madaktari tuko wachache, kwa hiyo Msikilizi huyapanga. Husikiliza hofu kwenye sauti ya mtu. Anayelia na kufoka hupandishwa juu. Mumeo aliongea taratibu, akaomba samahani, akashukuru. Mashine ikaona huyu hana haraka. Swali lake likakaa chini kabisa."

Kabula, binti yao, alisogea akamshika mama yake bega.

"Ndivyo alivyokuwa," Nyamizi alisema. "Hata akiumwa alikuwa anaomba samahani."

"Pole sana, mama."

"Mimi sijui kulaumu mashine, daktari. Lakini jibu sijalipata mpaka leo. Alitakiwa aache, au aendelee?"

Daktari Ruhinda aliinamisha kichwa. Alipoinua uso machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Aendelee," alisema.

Nyamizi alilirudia neno hilo kwa sauti ya chini, kisha akajifunika khanga usoni.