Nyuzi Tano, Jina Moja

Jua lilikuwa linazama nyuma ya milima ya Butembo wakati Katungu alishuka na kikapo cha viazi mugongoni, kamba ikimukaza paji la uso. Hakuwa anaenda kuuzisha. Viazi vilikuwa zawadi ya Ézéchias, mwenye bureau ya kupiga barua kwa mashini karibu ya soko, kwa sababu Ézéchias alikuwa ametuma neno asubuhi: picha imefika kutoka Beni.

Picha ile ndiyo ilimutoa nyumbani saa mbaya. Mutoto wake, Kambere Abdias, alienda Beni na baiskeli ya maharagi mwezi wa kumi. Sasa ilikuwa mwezi wa kwanza. Vita ya mwaka ule ilikuwa na majina mengi, na kila jina lilikuwa na bunduki zake. Katungu hakushika kichwani hata moja. Yeye alijua barabara tu. Mutoto alipita pale. Hakurudia.

Batu balimwambia alie. Alikataa. Mutu hamulilii mutoto kama yeye hajaona maiti yake. Hiyo ni kumufukuza mulangoni kabla hajabisha.

Basi mutu mumoja wa misaada alikuwa amepiga picha ya bakimbizi kule Beu, katika mji wa Beni, akaiweka ndani ya CD. Kesho asubuhi CD ilikuwa inarudi kwa mwenyewe. Ilikuwa jioni hii, ao basi.

"Wasivire, mama," Ézéchias akasalimia. Alikuwa mutu wa miaka makumi tatu na tano, mupole, shati imefungwa mpaka shingoni sawa mwalimu. Inje, muke wake Joyeuse alikuwa anavuta kamba ya groupe, ile mashini ya kutoa umeme. Ilikohoa mara tatu, ikawaka. Mafuta ya groupe ilikuwa ya saa mbili tu, na saa mbili ya usiku couvre-feu, marufuku ya kutembea, ilikuwa inaanza: mwenye kukutwa njiani na basoda benye bunduki, shauri yake.

"Picha iko wapi?"

"Polepole, mama. Kioo hii ya ordinateur iko kichwa nguvu."

Kioo kilijaza meza nzima. Kilitoka ofisi ya kiwanda kimoja cha kahawa chenye kilifungwa zamani, na banaume bane ndio balikibeba. Katungu akakitazama juu mpaka chini.

"Ni kubwa sawa tumbo ya chef, na ndani mule kazi hapana."

Joyeuse akacheka pale mulangoni. Ézéchias hakucheka. Alikuwa amewasha, na picha ilikuwa imekuja: mabaka mabaka, sawa mutu amemwanga uji wa rangi. Ungeweza kuhesabu vichwa, lakini nyuso hapana. Akaikuza. Mabaka yakawa makubwa tu.

"Sikia, mama. Kioo kipya inasema na ordinateur. Inaiambia, mimi niko mukubwa fulani, unipatie points fulani. Hii ya zamani haina mudomo." Akageuza nyuma yake, akamuonyesha nyuzi tano zimefungwa kwa vichwa vya chuma: nyekundu, ya majani, ya bleu, na mbili za kijivu. "Hizi tano zinapeleka rangi na hatua za picha, lakini hazipeleki jina. Donc ordinateur inaogopa. Inaipatia chakula ya mutoto muchanga. Points kidogo, rangi kumi na sita."

"Na kioo yenyewe inaweza points zote?"

"Inaweza sana! Lakini ni mimi naiambia ordinateur kwa nguvu."

"Na ukikosea?"

"Inapiga miluzi. Inazimika. Ama inaungua."

Katungu hakupenda neno lile. Kwetu mutu hapigi miluzi wakati jua linazama. Wenye kuitika saa ile ni bazimu, roho za batu bamekufa, bale benye hawana kazi ingine.

Ézéchias akabonyeza. Kioo kikawa cheusi... kikarudia. Points zikaongezeka, rangi zikarudi, na harufu ya vumbi la moto ikajaa chumba. Sasa batu balionekana: bamama na sufuria, batoto na tumbo inje, ukuta wa matofali nyuma yao. Lakini kila mutu alikuwa na kivuli pembeni yake, upande wa kuume, upana wa vidole viwili.

"Hawa ni banani banasimama nyuma ya batu?"

"Hapana batu, mama. Ni uzi. Uzi ukichoka, picha inapita mara mbili, ya pili inachelewa kidogo." Akafungua vichwa vya chuma kimoja kimoja, akavipangusa, akavikaza tena na vidole, taratibu, sawa mutu anafunga vifungo vya shati ya mutoto. Vivuli vikaondoka.

Vyote. Isipokuwa kimoja.

Kule nyuma, karibu ya ukuta, kulikuwa mwanaume ameinamisha kichwa. Kivuli chake kilikuwa palepale.

Na shati... Katungu akasogea mpaka pua ikagusa kioo. Mistari ya majani na nyeupe, sawa ile Abdias aliondoka nayo.

"Ongeza," akasema.

"Mama, naona tukifika hapa..."

"Ongeza, nimesema."

Kioo kikazimika, kikawaka. Nyuso zikazidi kuwa wazi. Yule mwanaume alikuwa ameinua kichwa.

Joyeuse akaacha mulango, akakaribia. "Ézéchias. Mbele alikuwa anaangalia chini."

"Ni points tu. Picha hapana tembea."

Lakini alisema vile bila kugeuka.

Hapa lazima niseme kitu kwa mugeni asiyetujua. Kwetu Banande, jina linakungoja tumboni. Mutoto mwanaume wa kwanza ni Paluku ao Mumbere, wa pili Kambere, wa tatu Kasereka, na vile vile. Kila nyumba ina Kambere wake. Ukiita jina lile sokoni, soko nusu inageuka. Ndio maana mama mukwe wa Katungu alimufundisha, zamani, wakati mutu wa kilima chao alipotea porini: mupotevu anaitwa kwa jina la kuzaliwa, la batizo, na la baba yake, yote matatu kwa pumzi moja. Ukiacha moja, bazimu hawatauliza ni Kambere gani ulikuwa unataka. Watapima tu. Watatoa Kambere mumoja, watabeba Kambere mumoja.

Na Ézéchias pia alikuwa Kambere. Kambere Ézéchias wa Sikuli. Miaka mingi hakuna mutu alikuwa anamwita vile.

"Imebaki hatua moja," Ézéchias akasema. "Ile ya mwisho. Points zote."

"Weka."

Akabonyeza.

Kioo kikapiga miluzi.

Sauti nyembamba, sawa sindano. Ilipita katika masikio mpaka kwenye meno. Harufu ya vumbi la moto ikaisha. Ikakuja ingine: udongo wenye maji, ule wa chini, wenye jembe halifikie kila siku.

Halafu picha ikasimama, kamili. Uzi kwa uzi.

Mwanaume hakuwa tena nyuma karibu ya ukuta. Alikuwa mbele ya bamama na sufuria. Kwenye kiwiko cha shati yake kulikuwa kiraka, na kiraka kilishonwa na uzi mwekundu, kwa sababu siku ile Katungu alikosa uzi mweupe. Alihesabu mishono. Saba. Ya nne ilikuwa imepinda, ile alishona akichokozana na jirani.

Ni yeye.

Midomo ilikuwa wazi kidogo, sawa mutu anangoja kuitwa.

Ézéchias alikuwa nyuma ya kioo, ameinama. "Uzi wa bleu unalegea," akanong'ona. "Ngoja nikaze..."

Katungu hakungoja. Miezi mitatu alikuwa amekaza moyo, na moyo wenye kukazwa namna ile, siku unafunguka hautafute maneno.

"Kambere!" akapiga kelele. "Kambere, rudia nyumbani!"

Moja tu. Jina moja, mbili zimebaki kooni.

Na kule nyuma ya kioo, mutu wa adabu, mutu aliyelelewa vizuri kwamba mama akiita mutoto anaitika...

"Niko, mama," Ézéchias akaitika.

Groupe ikazimika.

Giza. Katikati ya kioo nukta moja nyeupe ilibaki, ikakataa kuzima. Joyeuse akatafuta kibiriti. Kijiti cha kwanza kikavunjika. Cha pili kikawaka.

Ézéchias alikuwa amepiga magoti, paji la uso kwenye meza, vidole viwili vingali vinashika uzi wa bleu. Alikuwa baridi. Hapana baridi ya mutu amekufa sasa hivi. Baridi ya mutu amekufa tangu mwezi wa kumi.

Munganga wa hospitali alisema ni courant, umeme ya kioo. Vioo vile vya zamani, alisema, vinaficha moto ndani hata ukivizimisha. Inawezekana. Katungu hakusoma zaidi ya mwaka wa ine wa primaire, hakubishana na munganga. Lakini mafuta ya groupe, Joyeuse alipoangalia, yalikuwa nusu bado.

Walimuzika siku ya kwanza ya juma. Siku ya tatu, jua likizama, mutu akabisha kwa Katungu, katika nyumba ya kupanga kule mulimani juu ya soko.

Shati ya mistari. Kiraka. Uzi mwekundu.

Katungu hakuimba, hakurukaruka. Alimutazama kutoka kichwa mpaka miguu. Sura ni ya Abdias, kovu la kidevu ni la Abdias. Akamupatia bugali na sombe, majani ya muhogo. Mutoto akirudia unamupatia chakula. Mengine unauliza baadaye.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa baridi."

"Baiskeli iko wapi?"

Akavuta sahani karibu. Alikula bila kutafuna. Taa ya mafuta ilikuwa upande wake wa kushoto, na kule ukutani Katungu akaona kivuli chake. Kando ya kile, vidole viwili kwa upana, kivuli cha pili. Mutoto akainua mukono. Cha kwanza kikainua. Cha pili kikachelewa kidogo.

Jioni ile, na zote zilizofuata, alikaa kwenye kitanda na mikono mapajani, vidole vinakaza vitu visivyokuwako. Kimoja. Cha pili. Cha tatu. Cha ine. Cha tano. Abdias hakuwahi kugusa ordinateur maisha yake yote.

Juma lilipoisha, Joyeuse akapanda mulima na kitambaa cheusi kichwani, kusalimia mama ambaye mwana wake amerudia. Mutu yule akainua macho.

"Joyeuse," akasema. "Umeacha groupe inawaka?"

Hawakuwahi kuonana, hawa wawili. Joyeuse akaweka chini kikapo chake. Akamutazama muda murefu, halafu akamutazama Katungu, na Katungu akageuza uso. Ungefanya nini? Ungemusukuma inje? Ungemupasua katikati sawa muhogo, kila mwanamuke achukue kipande?

Pale mulangoni Joyeuse akanong'ona: "Mama. Umuite wangu. Unajua namna."

"Na wangu ataenda wapi?"

"Kwani wangu alienda wapi?"

Katungu akafunga mulango. Aliona haya, lakini alifunga.

Siku nne zikapita kimya. Ya tano, jua likizama, akasikia huko chini groupe inakohoa. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu, ikawaka. Hapakuwa tena mutu wa kupiga mashini katika bureau ile. Kulikuwa mujane tu, ambaye miaka yote alisimama mulangoni akiangalia bwana wake anakaza nyuzi.

Halafu miluzi. Nyembamba, sawa sindano, ikapanda mulima mpaka kwenye meno ya Katungu.

Vidole vya mutoto vikasimama.

Katungu akamurukia, akamukumbatia kichwa kwa nguvu, akamuziba mudomo na kiganja. "Nyamaza," akamwambia. "Nyamaza, baba. Hapana wewe."

Sauti ya Joyeuse ikafika kutoka chini, taratibu, ya mutu ambaye amejifunza vizuri kwa kosa la Katungu, majina yote matatu. Pumzi moja.

"Kambere... Ézéchias... wa Sikuli!"

Katungu akakaza kiganja.

Ndani ya kiganja, midomo ya baridi ikatembea, sawa mutu anaitika.