Chumvi Katika Tone la Mwisho

Mkuu wa maabara alikutwa amekufa mezani pake, povu limemkaukia mdomoni. Kikombe chake cha chai kilikuwa kimeoshwa na kufunikwa. Maiti haioshi vyombo, na hilo Inspekta aliliona mara moja.

Lililomponza Inspekta ni chai yenyewe. Ilitoka nyumbani, kwenye chupa aliyoifunga mke wa marehemu, na jana yake majirani walimsikia mama huyo akifoka, "Hiyo maabara yako itakuua!" Ndugu wa mume wakaja juu. Inspekta akamweka mjane mahabusu.

Sasa roho ilikuwa inamsuta. Mjane alikuwa mjamzito wa siku za mwisho, na simu ya kituoni ilikuwa imeingia punde tu: uchungu umeanza, anapelekwa hospitali na pingu mkononi.

"Niambie umepata kitu," alimwambia mkemia, binti mwembamba aliyeiinamia mashine kama anayemsikiliza mgonjwa.

"Sijapata, Afande. Na damu iliyobaki ni tone."

Pimo la kwanza alilifanya naibu wa marehemu, kwa njia ya kawaida. Majibu: sampuli safi, hakuna sumu. Lakini daktari aliyeupasua mwili aliapa kwamba ile ni sumu tu. Inspekta alipoomba pimo la pili, kwa mbinu mpya ya maabara hiyo, naibu alitabasamu na kuwakaribisha.

"Hebu nieleze mashine hii inavyofanya kazi, kama unavyomweleza shangazi yako," Inspekta alimwambia binti.

"Huu mrija ni mwembamba kama unywele," alisema mkemia. "Tunaingiza sampuli, tunapitisha umeme mkali. Kila kemikali inakimbia kwa mwendo wake, ikifika kwenye taa inachora kilele karatasini. Ikiwa kidogo mno, taa haioni. Kwa hiyo tunairundika kwanza, humohumo ndani ya mrija. Sampuli tunaiweka kwenye maji yasiyo na chumvi, kemikali inatoka mbio. Ikigonga maji ya chumvi yaliyo mbele, inakwama na kubanana. Kilichotawanyika kinakuwa rundo."

"Mbona sasa haioni?"

Binti akashusha sauti. "Sampuli yenyewe ina chumvi, Afande. Nyingi, kuliko damu ya mtu yeyote. Ikiwa hivyo hakuna mbio, hakuna rundo. Kuna mtu ameitia."

"Funguo za friji anazo nani?"

"Alikuwa nazo marehemu. Na naibu."

"Hiyo mbinu ya kurundika aliibuni nani?"

Binti akautazama mlango. "Jarida limeandika marehemu."

"Nakuuliza wewe, si jarida."

"Naibu. Sote tulimwona akihangaika nayo."

"Chumvi inatoka?"

"Inatoka. Lakini nikikosea, basi tena."

"Itoe. Polepole."

"Nimeshaanza, Afande."

Inspekta akashika njia ya ofisi ya naibu. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na hisia tu, na hisia ndizo zilizomfanya amfunge pingu mwanamke anayekaribia kujifungua.

"Mmepata, Afande?" Naibu aliinuka kwa heshima zote. "Roho inaniuma sana kwa mke wa bosi, shemeji yangu, kule alipo."

"Tupate wapi? Ile mbinu ya marehemu ni takataka. Naandika kwenye ripoti kwamba haifai, iachwe nchi nzima."

Shavu la naibu likacheza. "Usikimbilie kuandika."

"Binti amejaribu mpaka amechoka. Haioni kitu. Sifa nyingi, ndani kopo tupu."

"Haina kasoro!" Kiti kikaanguka nyuma yake. "Kwa chumvi ile isingerundika hata kwa mashine mpya! Angeitoa kwanza, ndipo—"

Akauma ulimi. Jasho likamtoka.

"Chumvi ipi, bwana?" Inspekta aliuliza taratibu. "Mimi sijataja chumvi. Na wewe uliandika sampuli ni safi."

Naibu alitafuta kiti, akakumbuka kimeanguka, akakaa juu ya meza.

"Mbinu ile nimeilea kama mwanangu," alisema. "Siku moja akaja na jarida, jina lake peke yake. Akanipiga begani. 'Mdogo wangu, cheo kina raha zake.' Akacheka, Afande! Nikamtilia kidogo kwenye kikombe cha chai, sumu ya humu humu kabatini, halafu nikakiosha. Kiasi ambacho pimo la kawaida halikioni. Ingekiona mbinu yangu tu."

"Kwa hiyo ukaipofusha."

"Iliniuma kuliko kumuua yeye."

"Na shemeji yako?"

"Nilidhani majibu yakiwa safi mtamwachia."

Mlango ukafunguliwa. Mkemia aliingia mbio na karatasi, machozi yakimlengalenga. Katikati ya mstari ulionyooka kilisimama kilele kimoja kirefu, chembamba.

Naibu alikuwa ameshafungwa pingu. Aliomba aione. Akaikunjua kwa mikono yote miwili, akaitazama muda mrefu, na uso wake ukajaa furaha iliyomtia Inspekta baridi.

"Mnaona?" alinong'ona. "Mnaona inavyoona?"

Inspekta alikuwa ameshaweka simu sikioni. Upande wa pili muuguzi alipaza sauti ili asikike juu ya kilio cha kichanga.

"Mwambie askari amfungue pingu huyo mama," Inspekta alisema. "Na mama mwambie nakuja kumwomba radhi."